Kabla ya kubeadm

Google ilipoitangaza Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena, mwezi Juni 2014, kuisimamisha kwenye seva zako mwenyewe ilikuwa kazi ya mikono. Ilikuwapo skripti iitwayo kube-up, lakini iliegemea zaidi huduma za wingu za kampuni kubwa. Sisi wa seva za chuma, zinazonguruma usiku kucha chini ya kiyoyozi, tulibaki kutengeneza vyeti vya usalama kimoja kimoja, kuwasha hifadhidata ya etcd, kisha kuielekeza kila mashine kwenye seva kuu.

Mwaka 2016 mhandisi Kelsey Hightower alichapisha mwongozo wa "Kubernetes the Hard Way", unaokwepa skripti kwa makusudi ili msomaji aelewe kila kiungo cha klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja. Naupenda hadi leo. Kijana yeyote ninayemfundisha kazi hii namwanzishia hapo.

Septemba mwaka huohuo toleo la 1.4 la Kubernetes lilikuja na zana iitwayo kubeadm, na hapo ndipo mambo yalipobadilika kwelikweli. Unaandika kubeadm init kwenye seva ya kwanza: inakagua mashine, inatengeneza vyeti vyote, inawasha programu za usimamizi, na mwishoni inakuchapia amri ya kunakili kwenye seva nyingine ili zijiunge. Siku hizi tokeni iliyomo kwenye amri hiyo huisha muda baada ya saa 24, jambo jema kwa usalama. Zana ya Kubespray, inayoendeshwa kwa programu ya Ansible, nayo ilikuja kuitumia kubeadm hiyohiyo kuandaa seva nyingi kwa mpigo.

Waliotengeneza kubeadm waliitangaza kuwa imekomaa kwa kazi rasmi katika toleo la 1.13, Desemba 2018.