Hema juu ya makoro

Kati ya mlima Nyiragongo na Ziwa Kivu hakuna mto hata mmoja. Mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, lakini maji hayakai juu ya ardhi: yanapenya katika nyufa za mawe meusi, yanapita chini kwa chini hadi ziwani. Gisenyi, iliyojengwa ukingoni mwa eneo hilo, imejaliwa kuwa na mto Sebeya. Ukivuka mpaka ukaingia Goma na kupanda kuelekea Kibati, unakuta mji mkubwa usio na kijito, ambako madumu ya maji hupandishwa kutoka ziwani kwa pikipiki, kwa chukudu, yaani baiskeli za mbao za kusukuma, na kwa migongo ya watu. Mawe hayo kwetu tunayaita amakoro. Yalishuka mlimani yakiwa moto na mepesi kama uji, yakaganda, na kila baada ya miaka kadhaa yanaongezeka.

Mtu anayetaka kulala katika hema anahitaji kigingi kishike, maji yawe karibu, na shimo la choo lichimbike. Makoro yanamnyima vyote. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 130 watu wamepiga mahema hapa: wapelelezi, askari, wanasayansi, watalii, na umati wa watu waliokimbia vita na moto. Vitabu vimeandika sana habari za waliolala ndani ya mahema hayo. Waliobeba turubai, kamba, kuni na maji hadi mlimani wametajwa kwa uchache, na mara nyingi kwa idadi tu. Historia ya mahema ya Virunga, safu ya volkano zetu, haieleweki bila wao.

Kabla ya Wazungu, hakuna aliyepanda Nyiragongo ili kulala huko kwa starehe. Wawindaji, warina asali na Watwa walijua kulala msituni chini ya matawi, lakini mlima wenyewe ulikuwa na sifa nyingine. Katika imani ya kale ya Rwanda, waliopita jando la Ryangombe, mkuu wa mizimu, walitarajia kupumzika naye Karisimbi baada ya kufa. Wasioingia humo walitupwa kwenye moto wa Nyiragongo. Basi mwaka 1894 alipotokea mgeni aliyetaka kwenda juu kwa hiari yake, jambo hilo halikuwa dogo.

Mgeni huyo alikuwa Gustav Adolf von Götzen, ofisa wa Kijerumani. Msafara wake uliondoka Pangani, pwani ya Tanganyika, Desemba 1893, ukiwa na mamia ya wapagazi na askari. Mwishoni mwa Mei 1894 alionana na Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, na mwezi uliofuata akapanda Nyiragongo, akachungulia kasoko yake, kisha akafika Ziwa Kivu. Baadaye mtu huyohuyo alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji.

Msafara wa aina ile ulikuwa mji unaotembea. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi kichwani au begani. Hema la ofisa peke yake lilihitaji zaidi ya mtu mmoja, na baada yake kulikuwa na kitanda, meza, viti, masanduku ya vyombo na ya risasi. Lugha ya amri, ya malalamiko na ya hadithi za usiku ilikuwa Kiswahili. Jioni hema la mkubwa lilisimama kwanza. Wapagazi walitafuta matawi na majani wakajengea vibanda, wakakoka moto, wakalala wakiwa wamegusana migongo. Kwenye nyanda za Unyamwezi utaratibu huo uliwatosha. Mlimani, juu ya mita 3,000, uliwatosha pale tu hali ya hewa ilipokuwa njema.

Kutoka katika mahema hayo yalionekana mambo yaliyobadilisha elimu ya dunia. Oktoba 1902 Kapteni Robert von Beringe alikuwa amepiga kambi kwenye mgongo wa mlima Sabyinyo alipoona kundi la nyani wakubwa weusi wakipanda kuelekea kileleni. Aliwapiga risasi, akapata mzoga mmoja, na mwaka 1903 wanasayansi wa Berlin wakampa mnyama huyo jina la kapteni. Ndivyo sokwe wa milimani walivyoingia vitabuni, kwa bunduki. Walioishi karibu na msitu ule walikuwa wakiwaita ingagi tangu zamani.

Miaka mitano baadaye ukaja msafara mkubwa zaidi wa kisayansi, ule wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, wa mwaka 1907 na 1908. Alikuja na mtaalamu wa mimea, wa wanyama, wa ramani, wa jamii za watu, daktari, na mtaalamu wa miamba aliyeitwa Egon Kirschstein. Huyu wa mwisho ndiye aliyepewa kazi ya kuchunguza volkano, na kwa miezi mingi alihama na mahema yake kutoka mlima hadi mlima.

Februari 1908 Kirschstein alikuwa Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote ya Virunga, mita 4,507. Msafara wake ulipokuwa ukihama kutoka kwenye kasoko, dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwashukia. Wapagazi walikuwa watu wa nchi za joto, wamevaa nguo nyepesi za pamba, zikalowa mara moja. Baridi haihitaji barafu ili iue: nguo mbichi, upepo na tumbo tupu vinatosha kuumaliza mwili joto katika saa chache. Kwanza mikono inakataa kushika, kisha miguu inakuwa mizito, halafu akili inachoka na mtu anaona ni heri aketi. Watu wale walitua mizigo, wakajilaza kwenye tope na theluji. Katika baridi ya namna hiyo vidole havina nguvu tena ya kufungua fundo la hema. Wapagazi 20 walikufa.

Siwezi kupita hapo haraka. Watu 20 ni wengi kwa msafara wa kupima mawe. Ukisoma habari za Virunga utakutana na majina ya wataalamu wa msafara ule, utayakuta hata katika majina ya mimea na wanyama waliowakusanya, lakini wapagazi wale unawapata kama tarakimu. Huenda walikuwa na wake na watoto mahali fulani waliosubiri ujira wao.

Gisenyi yenyewe ilikuwa ikianza kuwa mji wakati huo. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi kando ya ziwa, wakati mpaka na Kongo ukiwa bado unabishaniwa, na mkataba wa Brussels wa 1910 ukaweka mstari unaotenganisha Gisenyi na Goma hadi leo. Mlima wa moto ukabaki upande mmoja, na kimojawapo cha vituo vya kuutazamia kikabaki upande wa pili.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliokuja na mahema walianza kuwa watu wenye shauku tofauti. Mmarekani Carl Akeley alikuja mwaka 1921 kuwinda sokwe kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, akarudi kwao akiwa ameguswa sana na wanyama hao, akamsihi Mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde. Hifadhi ya Taifa ya Albert ilitangazwa mwaka 1925. Akeley alirejea mwaka uliofuata, akaugua njiani, wapagazi wakambeba hadi Kabara, uwanda ulio kati ya Mikeno na Karisimbi, akafia kambini Novemba 17. Alizikwa hapohapo.

Kabara hiyohiyo ndiko George Schaller alikoishi mwaka 1959 na 1960 akiwachunguza sokwe, na ndiko Dian Fossey alikopiga hema lake kwa kazi hiyohiyo Januari 1967. Julai ya mwaka huo machafuko ya Kongo yalimwondoa kwa nguvu. Alipokelewa upande wa Rwanda, na mmoja wa waliomsaidia alikuwa Rosamond Carr, aliyelima maua Mugongo, juu ya Gisenyi. Septemba 24, 1967, Fossey alisimamisha mahema kati ya Karisimbi na Bisoke, akapaita Karisoke. Mahema yalioza kwa unyevu, vikaja vibanda vya mabati, na kikaota kituo cha utafiti kilichodumu hadi baada ya yeye kuuawa huko Desemba 1985. Wanyarwanda waliopandisha chakula chake, waliofuata nyayo za sokwe asubuhi na kuharibu mitego, ndio waliofanya kazi ile iwezekane.

Kwa upande wa moto, mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff ndiye aliyeitangazia dunia, mwaka 1948, kwamba ndani ya kasoko ya Nyiragongo kuna ziwa la lava linalochemka. Alirudi miaka iliyofuata na wenzake kushuka kuta zake. Ziwa hilo lilikauka kwa chini ya saa moja Januari 10, 1977, mlima ulipopasuka ubavuni na lava ikakimbia kwa kasi inayomshinda mtu mwenye mbio.

Kisha ukaja Julai 1994, na neno hema likabadilika kabisa katika eneo letu. Serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ilikuwa imeshindwa, ikakimbilia Gisenyi, halafu ikavuka mpaka. Katika siku chache watu kati ya laki nane na milioni moja walimiminika Goma, wauaji na wanamgambo wakiwa wamechanganyika na wakulima, wazee na watoto. Walielekezwa Kibumba, Katale, Mugunga, yaani juu ya makoro yaleyale. Walipewa shitingi za Umoja wa Mataifa wakazitandika juu ya fito, wakajenga vibanda vya kuinamia.

Kila kilichomsumbua mpelelezi sasa kiliangukia umati. Kibumba hapakuwa na maji. Yalipandishwa kwa magari ya tangi. Majembe yaligonga mwamba, vyoo havikuchimbika, na kipindupindu kilianza ndani ya wiki ya kwanza. Inakadiriwa watu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja wa mwanzo, kwa kipindupindu na kuhara damu. Makaburi nayo hayakuchimbika. Maiti zilizoviringishwa kwenye mikeka zililazwa kando ya barabara mpaka matingatinga ya jeshi la Ufaransa yalipofungua mashimo ya pamoja. Msitu wa hifadhi ukafyekwa kwa kuni. Na wanamgambo walitawala kambi hizo kwa vitisho, wakigawa chakula na kuzuia watu kurudi, hadi Novemba 1996 zilipovunjwa kwa vita na mamia ya maelfu wakarejea kwa miguu kupitia Gisenyi, wengi wakiwa na shitingi zao vichwani.

Kando ya ziwa, magharibi ya Goma, kuna hatari nyingine ambayo mgeni haioni. Watu wa huko huiita mazuku, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua jina hilo. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Usiku na alfajiri, pasipo jua wala upepo, hujikusanya karibu na ardhi. Mbuzi hufa kabla ya ng'ombe, mtoto kabla ya mtu mzima, aliyelala chini kabla ya aliyesimama. Mwenye kitanda cha kambi anaweza kunusurika pale ambapo mwenye mkeka hatoki. Maeneo ya Mugunga na Bulengo, ambako kambi za wakimbizi zimewekwa mara kwa mara, yana mabonde ya namna hiyo.

Gisenyi imekuwa mwenyeji pia. Januari 17, 2002, lava ilikata Goma katikati hadi ziwani, na mamia ya maelfu wakavuka kuja kwetu. Wengi hawakusubiri kambi. Walilala kwenye nyua, makanisani na barabarani, wakarudi nyumbani mawe yakiwa bado ya moto. Mei 22, 2021, mlima ulipasuka tena. Mara hii lava ilisimama kabla ya kuufikia uwanja wa ndege wa Goma, lakini matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua nyumba za Rubavu, wilaya ya Gisenyi, wagonjwa wakahamishwa kutoka hospitalini, na wenyeji wenyewe wakalala nje kwa kuogopa kuta zao. Wakongomani walipokelewa Rugerero, upande wetu. Kwa siku kadhaa, mwenyeji na mgeni walilala chini ya mbingu moja.

Upande wa Goma mahema yaliongezeka tena kuanzia mwaka 2022, vita vya waasi wa M23 vilipojaza Kanyaruchinya, chini ya njia ileile ambayo watalii walipandia Nyiragongo kwenda kulala kwenye vibanda 12 vilivyojengwa ukingoni mwa kasoko. Mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, kambi hizo zilivunjwa ndani ya wiki chache.

Upande wa Rwanda bado watu wanapanda Karisimbi kwa siku mbili na kulala katika hema kwenye mita 3,700 hivi. Wanakodi wabeba mizigo wa vijiji vya karibu, na kiongozi wa hifadhi huwaonya kuhusu baridi kabla ya kuondoka. Hapo ndipo pa kuwakumbuka wale wa 1908. Akeley ana mahali pake Kabara, Fossey ana kaburi lake Karisoke linalotembelewa na wageni kila mwaka. Mwaka 2028 itatimia miaka 120 tangu wapagazi 20 wafe katika mlima huo. Hifadhi ya Volkano na wilaya zinazoizunguka, Rubavu ikiwemo, zina muda wa kutosha kuweka jiwe la kumbukumbu mwanzoni mwa njia ya Karisimbi, liandikwe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, lugha waliyoitana nayo.