Neno la Wiki: Zamu

Zamu ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-, na ina maana mbili: nafasi ya mtu kufanya jambo kwa mpangilio, na ulinzi. Ndiyo maana twasema "kushika zamu" na "mwalimu wa zamu". Kiangazi kinapokaza Garissa na Wajir, mifugo hunyweshwa kisimani kwa zamu. Zamu si foleni tu: foleni humtazama aliyetangulia kufika. Zamu hubeba haki na wajibu kwa pamoja.

Vijana wetu wanaoandika programu walichukue neno hili. Zamani, baadhi ya mifumo ya kutunza msimbo ililifunga faili kwa mtu mmoja hadi amalize, wengine wakingoja zamu yao. Git, mfumo wa kutunza msimbo uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mmoja nakala yake, wote wakaandika kwa wakati mmoja. Zamu haikufutika; imehamia kwenye kukagua kazi ya mwenzako, kuunganisha mabadiliko, na kuulinda mfumo usiku. Anayeulinda tumwite "mtu wa zamu". Walimu wa kompyuta, lifundisheni neno hili siku ileile mnapofundisha Git.