Tarantula wa Tanzania wanaostahili nafasi katika Planet Zoo

Planet Zoo ni mchezo wa kompyuta unaomwezesha mchezaji kujenga na kuendesha bustani ya wanyama. Anachagua wanyama, anajenga mabanda, anaajiri watunzaji na kupiga hesabu za viingilio. Mchezo huu ulitengenezwa na Frontier Developments, kampuni yenye makao Cambridge, Uingereza, na ulitoka Novemba 5, 2019. Tangu hapo wapenzi wake wamekuwa wakipendekeza wanyama wa kuongezwa, na wale wanaopenda viumbe wadogo hutaja tarantula, yaani buibui wakubwa wenye manyoya.

Kwa msikilizaji wa Tabora, jambo hili liko karibu kuliko linavyoonekana. Mchezo ulipotoka ulikuwa na tarantula watatu, na wote watatu ni wa bara la Amerika. Afrika Mashariki nayo ina tarantula wake, na wamo pia katika nchi inayopitiwa na njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na Tabora hadi Ujiji. Makala haya yanaeleza ni akina nani, wanatofautianaje na waliomo, na kwa nini umaarufu wao unahitaji tahadhari.

Waliomo tayari

Wa kwanza ni Theraphosa blondi wa kaskazini mwa Amerika Kusini, tarantula mzito kuliko wote wanaojulikana, ambaye miguu yake ikinyooshwa inaweza kukaribia sentimita 30. Wa pili ni Lasiodora parahybana wa Brazili, mwenye vinyweleo vya rangi ya waridi. Wa tatu ni yule wa Meksiko mwenye magoti mekundu, ambaye biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES.

Katika mchezo hawa hawakai kwenye mabanda makubwa ya wazi. Wanawekwa kwenye chumba cha kioo, na mchezaji anapanga joto na unyevu unaowafaa.

Nyongeza ya wanyama wa Afrika ilitoka Juni 2021. Mnyama wake wa kwenye kioo alikuwa mbawakawa anayeviringisha mavi. Buibui wa Afrika hakuwemo.

Wagombea kutoka kwetu

Pterinochilus murinus. Huyu alipewa jina la kisayansi na Mwingereza Reginald Pocock mwaka 1897. Anapatikana kuanzia Afrika Mashariki hadi Angola. Miguu yake ikinyooshwa hufikia takribani sentimita 15, na mgongoni, nyuma ya macho, ana michirizi inayosambaa kama miale ya nyota. Rangi hutofautiana kwa mahali: wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya chungwa iliyokolea. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huwatenganisha kwa majina ya kwetu. Wa rangi ya chungwa wanawaita wa Usambara, na wenye rangi nyeusi zaidi wanawaita wa Kigoma. Hutandaza utando mwingi sana, kwa hiyo ndani ya kioo angekuwa na mengi ya kuonyesha kuliko tarantula anayekaa tu juu ya udongo.

Pelinobius muticus. Ni miongoni mwa tarantula wakubwa zaidi wa Afrika, na anaishi Kenya na Tanzania. Mjerumani Ferdinand Karsch alimwandika mwaka 1885, kutokana na viumbe waliokusanywa na Gustav Fischer katika safari yake ya nchi ya Wamasai. Kwa miaka mingi aliitwa Citharischius crawshayi, hadi mwaka 2010 ilipothibitishwa kuwa majina hayo mawili ni ya buibui mmoja. Ana rangi ya kutu na miguu ya nyuma minene iliyopinda, na huchimba shimo refu la kwenda chini. Akichokozwa husugua miguu yake na kutoa sauti ya mkwaruzo inayosikika bila chombo chochote.

Eucratoscelus pachypus. Huyu ni wa Tanzania, na aliandikwa kisayansi mwaka 1990 tu. Ni mdogo kuliko wawili waliotangulia, lakini ni rahisi kumtambua: miguu yake ya nyuma ni minene na imejaa manyoya, utadhani amevaa soksi za sufu.

Nje ya Afrika Mashariki, anayestahili kutajwa ni Poecilotheria metallica wa India, mwenye rangi ya buluu inayong'aa. Aligunduliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwenye yadi ya mbao ya reli katika mji wa Gooty, ingawa msitu anakoishi uko mbali na hapo. Tangu mwaka 2008 yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mchezo unaompa mchezaji alama kwa kuzalisha wanyama na kuwarudisha porini ungemfaa sana.

Tofauti ya Amerika na Afrika

Wale watatu waliomo wana silaha ambayo wa Afrika hawana. Tarantula wengi wa Amerika wana vinyweleo vya kuwasha tumboni. Wakitishwa huvipangusa kwa miguu ya nyuma, vikaruka hadi kwenye macho na ngozi ya adui. Tarantula wa Afrika hana vinyweleo hivyo. Kinga yake ni kukimbilia shimoni, na akikosa njia huinua miguu ya mbele, huonyesha meno, kisha huuma.

Sumu yake nayo ina makali zaidi. Mtu aliyeumwa na Pterinochilus murinus anaweza kupata maumivu makali, uvimbe na kukakamaa kwa misuli, pengine kwa siku kadhaa. Hata hivyo, hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya tarantula.

Hali ya hewa pia ni tofauti. Tabora iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kisha kiangazi hushika hadi Oktoba. Buibui wa msitu wa Amazon anataka unyevu mwaka mzima. Wa nchi ya miombo na nyika amezoea miezi mirefu ya ukavu, na shimo ndilo linalomkinga na jua. Chumba chake cha kioo kingehitaji udongo wa kina kuliko mapambo.

Umaarufu na hatari yake

Mnyama anayependwa kwenye skrini hutafutwa pia sokoni. Pterinochilus murinus huzaliana kwa urahisi kwa wafugaji, kwa hiyo wengi wanaouzwa nje wamezaliwa kizimbani. Pelinobius muticus ni habari nyingine. Hukua polepole mno, na jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, ilhali dume hufa mapema baada ya kukomaa. Ndiyo maana biashara yake imetegemea sana kuchimbua waliokomaa porini. Jike mmoja akichimbuliwa, kinachoondoka ni miaka mingi ya uzazi, na shimo linabaki tupu.

Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba zuio hilo limelegezwa kwa muda, lakini baada ya siku chache tangazo likasitishwa. Kijana anayeambiwa kwamba kuna mnunuzi wa buibui ajue kwanza kwamba jambo hilo lina sheria, na aulize ofisi ya wanyamapori ya wilaya kabla ya kushika jembe.

Hapa ndipo mchezo unaweza kusaidia. Buibui wa kwenye kompyuta hachimbuliwi popote. Akiwekwa pamoja na maelezo sahihi ya makazi yake na umri wake, mtoto wa Ipuli na mtoto wa London watajifunza jambo lilelile. Anayetuma pendekezo aandike jina la kisayansi pamoja na nchi, si jina la dukani peke yake.

Ukikutana naye

Usimshike kwa mkono, na huna haja ya kumuua. Akiwa ndani ya nyumba, mfunike kwa bakuli, pitisha kadibodi ngumu chini yake, kisha umpeleke mbali na makazi. Usichokoe shimo kwa kijiti, na usimruhusu mtoto kufanya hivyo.

Akikuuma, osha jeraha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi, na nenda kituo cha afya kilicho karibu. Usichanje wala usifunge kamba. Ukiweza, mpige picha ukiwa mbali, kwa sababu mhudumu wa afya atataka kujua ni kiumbe gani kilichokuuma.