Kijana Aliyeshindwa Kuandika Jina Lake

Wasee, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Mdogo wangu alipokuwa gredi ya tatu, mathe alinipa jukumu la kumsaidia na kazi ya shule kila jioni. Siku moja tukaketi mezani na kitabu cha Kiswahili, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikafurahi. Halafu nikafunika picha kwa mkono, nikamwambia aanzie mstari wa tatu. Kimya. Kumbe hakuwa anasoma. Alikuwa amekariri ukurasa wote kwa kusikiliza wenzake darasani, na picha ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha.

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwita kichwa ngumu. Shuleni tayari walikuwa wanamwita hivyo, na ripoti ya muhula ilisema ni mvivu. Huyo mvivu ndiye aliyekuwa anasimamia duka la mathe Jumamosi na kurudisha chenji bila kukosea hata shilingi moja.

Hakuna mtu aliyetutajia disleksia. Neno lenyewe nililijua baadaye sana. Nilipoanza kufuatilia historia yake, nikagundua kwamba kosa langu lilikuwa limeshafanywa na wengi kabla yangu, na jibu lake lilikuwa limeshaandikwa kabla Kenya haijaitwa Kenya.

Turudi Ujerumani. Mwaka wa 1877, daktari Adolf Kussmaul alieleza hali aliyoiita upofu wa maneno: mtu mzima anaona vizuri, anaongea vizuri, lakini hawezi tena kusoma. Miaka kumi baadaye, 1887, daktari wa macho Rudolf Berlin akachapisha kitabu chenye neno tunalotumia mpaka leo, disleksia. Ila hawa wote walikuwa wanazungumzia watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kuumia. Mtoto ambaye hajawahi kusoma hata siku moja? Huyo bado alikuwa mjinga tu.

Ndipo tunafika kwa Percy. Tarehe 7 Novemba 1896, daktari W. Pringle Morgan wa mji wa Seaford, kusini mwa Uingereza, alichapisha habari za kijana wa miaka 14 kwenye jarida la madaktari. Percy alikuwa amefundishwa tangu akiwa na miaka 7, shuleni na kwa walimu wa nyumbani, lakini maneno ya silabi moja tu yalimtoa jasho. Alipoambiwa aandike jina lake, aliandika Precy, na hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Lakini mpe nambari kubwa ya mamilioni, anaisoma haraka. Hesabu aliipenda.

Kitu kilichonigusa ni maneno ya mwalimu wake. Alimwambia daktari kwamba kama masomo yangekuwa ya mdomo tu, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Soma hapo tena. Mwalimu alikuwa ametazama kile mtoto anachoweza, si kile kinachomshinda peke yake. Bila jicho hilo, Percy angebaki mvivu kwenye ripoti ya mtu.

Kule Glasgow, daktari wa macho James Hinshelwood naye aliendelea kukusanya visa kama hivi, na mwaka wa 1917 akavitolea kitabu. Alisisitiza hali hii itambuliwe mapema ili mtoto asiteswe bure, na afundishwe peke yake kwa subira. Marekani, mwaka wa 1925, daktari Samuel Orton aliripoti kuhusu watoto wa Iowa waliotumwa na walimu kwa sababu ya kushindwa kusoma. Baadhi yao walikuwa na akili ya kawaida, wengine zaidi ya kawaida. Maelezo yake kuhusu ubongo hayakudumu, lakini kazi ilizaa matunda: miaka ya 1930, Anna Gillingham na Bessie Stillman wakaandaa mbinu ambayo mtoto anaona herufi, anatamka sauti yake na kuichora, vyote kwa pamoja. Bado inatumika.

Lakini usidhani dunia ilikubali haraka. Uingereza kwenyewe watu walikejeli kwamba disleksia ni kisingizio cha wazazi wenye pesa wasiotaka kukubali mtoto wao ni mzito. Bunge lao lilikuja kuitaja kwenye sheria mwaka wa 1970. Kama Percy alikuwa bado hai, alikuwa na miaka 88.

Sasa tuje nyumbani, maana kejeli hiyo hiyo tunayo. "Hayo ni mambo ya wazungu." Sawa. Lakini kuanzia 1985 mpaka 2023 tulikuwa na KCPE, mtihani wa karatasi ulioamua uende shule gani. Ukishindwa kusoma swali la Hesabu, umeshindwa Hesabu, hata kama jibu unalo kichwani. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikarudia marufuku hiyo. Na wangapi kati yetu tulisoma baada ya hapo na bado tunajua uchungu wake? Wangapi walichapwa kwa sababu ya imla?

Kuna kitu kingine kinachotuficha ukweli. Kiswahili kinasomwa kinavyoandikwa: "ma" ni "ma" popote uendapo. Kwa hivyo mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma Kiswahili bila makosa mengi, ila polepole mno, halafu Kiingereza kimlemee kabisa. Mwalimu anasema, "Unaona? Akitaka anaweza." Hapana, bwana. Kazi kubwa iko kwenye kuvunja neno kuwa sauti na kuziunganisha na herufi, na huko ndiko anakochoka.

Ukiona mtoto anaandika neno moja kwa njia tatu kwenye ukurasa mmoja, anaruka mistari, anaumwa tumbo kila siku ya kusoma kwa sauti, lakini ukimuuliza kwa mdomo anajua, usikimbilie kusema ni uvivu. Kubadilisha b na d pekee si ushahidi, watoto wadogo wengi hufanya hivyo. Apimwe macho na masikio kwanza. Halafu kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto, EARC, vilivyoanza mwaka wa 1984. Sisi tulienda. Foleni ilikuwa ndefu, lakini tulitoka na jina la kitu, na mathe akalia kwenye matatu mpaka tukafika.

Mdogo wangu bado anasoma polepole. Ninamsomea maswali, ananijibu kwa mdomo, kisha anaandika akiwa na muda wa kutosha. Nilimwomba msamaha. Akaniuliza, "Kwani ulidhani mimi sikuwa najaribu?"

Kama una mdogo wako nyumbani anayesoma haraka sana kitabu chenye picha, leo jioni funika picha. Akinyamaza, usicheke.