Malkia Analiwa na Jeki

Ukipita vijiwe vya Kiseke jioni, ugomvi wa karata mara nyingi si wa hela, ni wa sheria. Mmoja kajifunzia kwenye simu, ambako Mfalme yuko juu, Malkia anafuata, Jeki chini yao. Mwingine kafundishwa wahedi wa sitini na babu yake, na huko mambo ni kichwa chini miguu juu: saba inamla Mfalme, Jeki anamla Malkia. Kijana anauliza, na swali lake lina uzito, mtumishi anamlaje mke wa mfalme? Mzee anajibu, "Ndivyo ilivyo." Basi, karata zinatupwa.

Mimi niko upande wa mzee, ila jibu lake halitoshi.

Karata, kopa, uru, shupaza, turufu: maneno yote haya ni ya Kireno, mabaki ya karne mbili za Wareno pwani yetu, tangu Vasco da Gama afike Malindi mwaka 1498 hadi Waomani walipoiteka Fort Jesus mwaka 1698. Uru ni dhahabu. Kopa ni kikombe, na ndiyo maana tunakiita kikombe kitu chenye umbo la moyo bila mtu kushangaa.

Lakini karata za Wareno wa enzi hizo hazikuwa hizi za dukani. Kwenye ree alichorwa joka, kabana alama ya karata mdomoni. Kadi za sura zilikuwa tatu: mfalme, mpanda farasi, na chini yao msichana mtumishi. Malkia hakuwepo kabisa. (Karata hizohizo zilifika Japani, na Wajapani wanaziita karuta mpaka leo.) Baadaye zilipoingia karata za mtindo wa Kifaransa, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wachezaji waliangalia jinsia tu: mwanamke akakalia kiti cha mwanamke, Jeki akachukua cha mpanda farasi. Malkia akaja na taji lake, akarithi nafasi ya kijakazi.

Kiswahili kilihifadhi hesabu hiyo vizuri kuliko sisi wasemaji. Kadi za sura huitwa wazungu: mzungu wa pili ni Malkia, wa tatu ni Jeki, wa nne ni Mfalme. Namba hizo ndizo pointi zao. Weka ree 11 na saba 10, unapata 30 kwa kila alama, 120 kwa karata zote. Nusu yake ni 60, kwa hiyo mwenye 61 kashinda, na hilo ndilo jina la mchezo wenyewe. Sheria nzima imo kwenye majina. Sasa kijana anasema "kwini", pointi mbili zimepotea hapohapo, halafu anaambiwa mzee ndiye mbishi.

Na ile saba? Ureno bado wanacheza sueca, na huko nako saba inamla Mfalme. Wanaiita manilha.