Umepunguzwa Tumbo? Hii Ndiyo Form ya Kumanga na Kunywa Usirudishwe Hospitali

Siku ya tisa baada ya oparesheni, siz wangu alirudishwa hospitali. Sisi wote tulidhani ni msosi. Mathe alikuwa ashaanza kumlaumu shosho na supu yake ya kuku. Daktari akaangalia ulimi, akauliza rangi ya mkojo, halafu akauliza swali moja: jana ulikunywa maji kiasi gani? Siz akafikiria. Kikombe kimoja, pengine na nusu. Akawekewa dripu na akalala huko siku mbili.

Maze, watu hubonga kuhusu kilo zilizoshuka na picha za kabla na baada. Maji hakuna mtu huyataja, na kukaukiwa mwili ni mojawapo ya sababu kubwa zinazorudisha watu hospitali wiki za kwanza. Mimi si daktari, hata campo sikumaliza, kwa hivyo karatasi uliyopewa na waliokufanyia upasuaji ndiyo bosi. Lakini nimekaa na hii kitu kwa keja mwaka mzima, nimesoma, nimeuliza, na nimeponda ndengu hadi mkono ukauma.

Ni tumbo gani hilo umebaki nalo?

Kwanza, hii si ile ya kufyonza mafuta. Ile hutoa mafuta chini ya ngozi na tumbo la chakula linabaki vile lilikuwa. Hapa tunabonga oparesheni mbili. Gastriki slivu hukata karibu asilimia 80 ya tumbo na kuacha mfereji mwembamba kama ndizi, unaobeba kitu kama mililita 100 hadi 150. Gastriki baipasi huacha kifuko kidogo juu, karibu mililita 30 mwanzoni, halafu utumbo unaunganishwa hapo moja kwa moja ili chakula kiruke sehemu ya njia. Hiyo ya pili si kitu ya jana: daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, aliianzisha miaka ya 1960. Diego Maradona naye alifanyiwa baipasi Colombia mwaka wa 2005.

Sasa piga hesabu. Tumbo la kawaida likishiba hubeba lita moja na zaidi. Wewe umebaki na kikombe cha kahawa. Lakini mwili wako bado unataka maji yaleyale ya zamani. Noma inaanzia hapo.

Maji: chupa tatu, kila moja saa tano

Madaktari wengi huitisha lita 1.5 hadi 2 kwa siku. Ukisikia hivyo na tumbo limeshonwa juzi, unaweza lia. Siz alitoka kwenye hiyo shida na chupa tatu za nusu lita. Anaanza ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi na lazima iishe saa tano. Ya pili inaisha saa kumi jioni. Ya tatu saa tatu usiku. Hiyo ni mililita 100 kwa saa, yaani funda dogo kila dakika chache. Usigugumie. Ukipiga funda kubwa kifua kinabana kama umemeza jiwe, na pengine yote yanarudi.

Sheria ngumu zaidi ni hii: usinywe ukila. Acha kunywa karibu nusu saa kabla ya chakula, na ukimaliza ngoja nusu saa ingine. Maji juu ya chakula hujaza nafasi yenye protini ingekaa, na yanaweza kusukuma chakula kiteremke haraka. Sisi tumezoea kushukisha ugali na maji, kwa hivyo hapo ndipo wengi hukosea.

Halafu kuna Nairobi yenyewe. Siz hupanda mathree ya 46 kutoka Kawangware hadi tao, na wewe wa Kangemi unaijua Waiyaki Way saa moja asubuhi. Ukikwama kwa jam na kibofu kimejaa unaapa hutakunywa maji tena. Wadada wengi hufanya hivyo hata kabla ya oparesheni: hakuna maji hadi wafike job, kwa sababu choo ya tao ni ya kulipia na foleni ni ndefu. Baada ya hii oparesheni hiyo mbinu haiwezi. Huwezi "kufidia" jioni kwa kunywa lita nzima, hakuna mahali ya kuiweka. Siz sasa ana sarafu za choo kwa mfuko wake kila siku, na anajua kila choo safi kuanzia Yaya hadi Kencom. Akiwa Westi hukimbilia Sarit. Usicheke, hiyo ni sehemu ya matibabu.

Maji baridi yakikuletea kichefuchefu, jaribu ya uvuguvugu, ama weka jani la mnanaa. Supu iliyochujwa inahesabiwa. Strungi nyepesi bila sukari pia, ingawa wengine huambiwa wakae bila kafeini wiki za kwanza. Soda na vinywaji vya nguvu, sahau. Gesi huvimba mahali hapana nafasi.

Dalili za kukaukiwa ni mkojo kufanana na strungi, kichwa kugonga, kizunguzungu ukisimama, mdomo mkavu. Na kichefuchefu. Hiyo ya mwisho ndiyo mtego, kwa sababu ukisikia kutapika unaacha kunywa, na ukiacha kunywa unasikia kutapika zaidi. Ukiona umepitisha siku nzima maji hayakai, usingoje kesho. Enda.

Msosi, wiki kwa wiki

Ratiba hutofautiana kati ya daktari na daktari, lakini mpangilio ni karibu mmoja. Siku za kwanza ni vitu unavyoweza kuona ndani yake: maji, supu iliyochujwa, strungi. Baadaye, hadi karibu mwisho wa wiki ya pili, vinaongezwa vya majimaji vizito kiasi kama maziwa yaliyopunguzwa mafuta, mala isiyo na sukari, na uji mwembamba uliochujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vitu vya kuponda. Wiki ya tano na sita, vitu laini. Chakula cha kawaida huanza kurudi polepole wiki ya saba ama ya nane.

Ukiangalia vizuri hiyo ni ratiba ya mtoi anayeanzishwa kula, na soko letu liko tayari kwa hiyo. Huhitaji kununua vitu vya mikebe vya bei ya rent. Ndengu iliyochemshwa hadi ikafa, ikapondwa na supu kidogo. Madondo yaliyopitishwa kwa chujio ili maganda yabaki. Tilapia ya kuchemsha, ichambuliwe mifupa mara mbili. Yai lililopikwa laini. Avokado kidogo tu, maana ina mafuta mengi. Unga wa omena kwa uji, kama kliniki ya watoto inavyofunza. Na mbinu moja tamu: changanya maziwa ya unga kwa supu ama kwa uji, unaongeza protini bila kuongeza ukubwa wa kikombe.

Protini ndiyo mfalme hapa. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, la sivyo mwili unaanza kula misuli yake. Tuseme umefika miezi kadhaa na tumbo limetulia. Mayai mawili ni karibu gramu 12. Vikombe viwili vya mala, karibu 16. Kipande cha tilapia cha gramu 100, ishirini na kitu. Nusu kikombe cha madondo, karibu 7. Hiyo inakukaribisha 60 na hujanunua hata mkebe mmoja wa poda. Mwanzoni hutafika, ndiyo maana wengi huambiwa watumie poda kwa muda.

Kwa sahani, kula protini kwanza, mboga ifuate, ugali mwisho kama nafasi imebaki. Mara nyingi haibaki. Tonge liwe la ukubwa wa punje ya haragwe, tafuna hadi iwe uji, na chukua dakika 20 ama 30. Mwili utakupigia honi kabla ujae: kwikwi, pua kuanza kuvuja, kifua kubana. Ukisikia moja ya hizo, weka kijiko chini. Kijiko kimoja zaidi ndicho hutapisha.

Vitu vinavyokwama ni vile tunavyopenda, pole. Chapo na mkate hugeuka gundi. Wali hushikana na kuvimba. Ugali mgumu ni mzito. Sukuma yenye vijiti, matumbo, na nyama choma ya Kenyatta Market iliyokauka, hizo ni za baadaye sana, na zingine huenda zikakukataa kabisa. Kuku wa kienyeji ni mgumu kuliko wa gredi, hapo shosho hakubali lakini ni ukweli.

Kwa kibanda cha lunch, agiza ndengu nusu bila chapo, ama yai na supu. Wa kibanda atakuangalia vibaya siku mbili, ya tatu atazoea.

Sukari na ile kitu inaitwa dampingi

Hii huwapata zaidi wa baipasi, ingawa wa slivu hawajaachwa. Sukari ikishuka kwa utumbo haraka, inavuta maji mengi kwa utumbo kwa ghafla. Dakika 10 hadi 30 baadaye moyo unakimbia, jasho linatiririka, tumbo linakata, na unaharisha. Kuna ya pili inayokuja saa moja hadi tatu baada ya kula: sukari ya damu inaanguka, unatetemeka, unaweza kuzirai. Fikiria hiyo ikikupata katikati ya barabara.

Juisi ya miwa, soda, uji wenye vijiko vinne vya sukari na chai ya mandazi ndizo huwa na hatia. Na ukikosa dampingi usidhani umepona. Biskuti, krisps na aiskrimu hupita bila kujaza, na ndivyo kilo hurudi mwaka wa pili bila mtu kuelewa zilipitia wapi.

Keroro je?

Wengi huambiwa wakae mbali miezi sita hadi mwaka. Baada ya hapo jua mwili si ule. Pombe hupanda kwa damu haraka na juu zaidi, hasa baada ya baipasi, kwa hivyo glasi moja ya Westi Ijumaa inaweza kukufanya kama tatu. Alcoblow haitauliza kama ulifanyiwa oparesheni. Na tafiti za Marekani zimeonyesha shida za ulevi huongezeka kuanzia mwaka wa pili baada ya baipasi.

Dawa na mambo mengine usipuuze

Vitamini ni za maisha, si za mwezi: ya mchanganyiko, B12, D, kalsiamu, na madini ya chuma, hasa kwa wadada wanaopata hedhi. Tenganisha chuma na kalsiamu kwa saa mbili, na usimeze chuma na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Nywele zikianza kuanguka mwezi wa tatu hadi wa sita, usipanik. Hutokea kwa kilo kushuka haraka na mara nyingi hurudi, lakini kagua protini na chuma.

Ukiwa na kisukari ama presha, dawa zako zinaweza kuwa nyingi kupita kiasi ndani ya siku chache tu. Daktari azipunguze, si wewe. Brufen na diclofenac huleta vidonda, hasa kwa wa baipasi, na hapa kwetu chemisti hukupatia bila swali. Mwambie wewe ndiwe huwezi.

Mimba inashauriwa ingoje miezi 12 hadi 18. Wengi hushika haraka kilo zikishuka, na vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi vizuri baada ya baipasi. Kama unafunga Ramadhani, mwaka wa kwanza bonga na daktari kabla hujaamua. Lita moja na nusu kati ya magharibi na daku, kwa tumbo la kikombe, ni karibu haiwezekani.

Wengine hupanda ndege kwenda India ama Uturuki wakarudi na kovu na hakuna karatasi. Usitoke huko bila ripoti ya oparesheni yenye kueleza walifanya nini, kwa sababu daktari wa Nairobi atakayekupokea usiku wa manane ataihitaji.

Enda hospitali sahi hiyo

Moyo ukipita mapigo 120 kwa dakika umekaa tu, homa, maumivu makali ya tumbo ama bega la kushoto, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika damu ama choo nyeusi kama lami. Mshono unaweza kuwa unavuja ama damu imeganda. Na ukitapika siku kadhaa mfululizo, vitamini B1 inaisha. Ukianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba, ama miguu kufa ganzi, waambie hivyo mlangoni, wakupe B1 kabla ya dripu ya sukari.

Vipimo vya damu huwa miezi ya 3, 6 na 12, halafu kila mwaka. Siz alifanya ya mwaka mwezi uliopita: chuma kilikuwa chini kidogo, maji sawa. Chapo alijaribu wiki ya kumi, kipande cha ukubwa wa kidole, kwa ruracio ya binamu yetu. Ilikwama dakika arobaini. Shosho akaona amesimama kando anahema, akaleta sahani ingine. Akasema, "Cucu, nifungie, nitabeba," na chupa yake ya pili ilikuwa imebaki robo.