Nani Alipanga Bei ya Tahasusi?

Msichana wa kidato cha nne huku Lingeka, Usukumani, anajaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, kwa penseli kwanza. Biolojia na kemia anazipenda, ila kaka yake keshamshauri achukue historia na lugha: "Weka HKL, mdogo wangu. Utakuwa mwalimu, utarudi mapema kupika." Kaka mwenyewe aliweka PCM, ya sayansi.

Wanaharakati wetu humgeukia binti: soma uhandisi, ulipwe kama wanaume. Si uongo. Mwalimu wa shahada serikalini huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS D, awe wa kike au wa kiume. Pengo la kipato limeshaingia zamani, kwenye fomu. Lakini nani aliyeamua kozi ipi iwe na fedha?

Katika Urusi ya Kisovieti ya miaka ya 1950, zaidi ya theluthi mbili ya madaktari walikuwa wanawake. Walisoma ileile kozi tunayoiita ya vichwa, na mshahara wa daktari ukawa chini ya wa mfanyakazi wa kiwandani. Marekani mambo yalikwenda kinyume. Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa 1946, iliandikiwa programu na wanawake sita, kazi ikidhaniwa ya ukarani. Wanaume walipojaa humo, ikawa taaluma yenye heshima na hela.

Hapa Usukumani hatuhitaji kusafiri kuliona hilo. Plau ni ya baba, na ng'ombe wakiwa na nguvu siku chache tu shamba la pamba limekwisha kulimwa. Kupalilia kwa jembe la mkono, kisha kuchambua kitumba kimoja kimoja huku maganda makavu yakichoma vidole, ni wiki kwa wiki za mama na watoto. Siku ya mizani kwenye chama cha ushirika, AMCOS, jina kwenye daftari mara nyingi ni la baba. Hapo hakuna aliyekosea kozi.

Claudia Goldin, aliyepata Nobel ya uchumi 2023, ameonyesha kwamba wanawake na wanaume wenye elimu sawa hulipwa karibu sawa mwanzoni. Pengo hupanuka akizaliwa mtoto wa kwanza. Kumbe kaka alikuwa karibu na ukweli kuliko wanaharakati: huko kurudi mapema kupika ndiko mshahara unakokatwa. Kasoro yake ni kudhani ni ushauri wa kozi.

Mimi bado ningemwambia aweke PCB, yenye biolojia na kemia anazozipenda. Binti akafuta, akaiandika. Mama yake akamwita kutoka nje, ndoo ya maji mkononi. Kaka alikuwa amekaa, anasubiri chai.